Tusifungie mpango wa shule katika droo ya mwalimu mkuu

Siku chache kabla ya kustaafu kazi ya ualimu, niliingia katika stoo ya shule niliyokuwa nikifundisha, shule ya kutwa ya wavulana katika mitaa ya Mashariki mwa Nairobi, kutafuta nakala za vitabu vya fasihi zilizokuwa zimesahauliwa humo. Vitabu sikuvipata, kwani mchwa walikuwa wamenitangulia. Nilichokipata ni mipango mitatu ya kuiboresha shule. Wa kwanza ulikuwa wa mwaka 1994, umepigwa taipu na kuchapishwa kwa stensili, wino umefifia hata baadhi ya maneno hayasomeki. Wa pili, wa mwaka 2006, una jalada la rangi lenye picha ya lango. Wa tatu, wa mwaka 2014, umefungwa kwa waya wa plastiki na ndani yake mna majedwali ya kupendeza macho.

Niliketi juu ya dawati bovu nikaisoma yote mitatu. Yote iliahidi maktaba. Yote iliahidi maabara ya pili. Yote iliahidi kuinua alama ya wastani katika mtihani wa KCSE. Na hakuna hata mmoja uliotaja kwamba kabla yake palikuwa na mwingine. Ule wa 2014 ulitangaza, bila haya, kwamba kwa mara ya kwanza shule sasa ilikuwa na dira. Nasema bila haya, lakini haya hiyo ni yangu pia. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati iliyouandika, na miaka minane kabla ya hapo nilikuwa mwanakamati katika ile iliyouandika wa pili. Nilikuwa nimesahau!

Shule hiyo sitaitaja kwa jina. Walimu wengi wanaofundisha kati ya Pumwani na Kayole watakaposoma makala haya huenda wakadhani nasema juu ya shule zao, na sidhani kwamba watakuwa wamekosea sana.

Ukitaka kujua kwa nini mipango mitatu ililala katika stoo moja bila kujuana, tazama jinsi walimu wakuu wanavyokuja na kuondoka. Katika miaka niliyokuwa pale niliwatumikia saba. Sikumbuki hata mmoja aliyekuwa mvivu. Mmoja aliifanya shule ipakwe rangi upya, mwingine akajenga lango ambalo picha yake ilipamba jalada nililolitaja, wa tatu akaitisha harambee na basi likanunuliwa. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Sina ugomvi na basi, lakini ile ni shule ya kutwa ambayo wavulana wake wengi huja na kurudi kwa miguu. Basi lile liliwafaa zaidi wachezaji wa mpira na waombolezaji wa mazishi kuliko mwanafunzi wa kawaida. Kila aliyekuja alikuta droo tupu, au droo yenye karatasi za mtu mwingine, akaanza upya. Wala siilaumu Tume ya Huduma za Walimu (TSC) kwa kuwahamisha. Mnamo 2018, wakati walimu wakuu wengi walipohamishwa kwa pamoja kwenda mbali na maeneo yao, palikuwa na vilio nchini kote. Hata hivyo mwalimu mkuu ni mtumishi wa umma na hutumwa anakohitajika. Kosa ni letu sisi tuliobaki, tuliodhani kwamba mpango wa shule ni mali ya ofisi yake.

Lakini hata kama mojawapo ya mipango ile ingetekelezwa yote, nadhani ingeliacha jambo kubwa bila kuguswa. Jambo hilo nililijua kwa bahati, mwaka 2007.

Niliwapa wanafunzi wa Kidato cha Tatu insha yenye kichwa 'Jioni Yangu'. Nia yangu ilikuwa ndogo sana: nilitaka kuwazoeza kutumia vielezi vya wakati. Niliporudi nyumbani na kuanza kuzisahihisha, kalamu nyekundu ilinishinda. Kijana mmoja wa Shauri Moyo aliandika kwamba wanalala watu sita katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na kwamba yeye hawezi kufungua daftari hadi babake amalize kula na meza ipanguswe, wakati ambapo mamake huomba taa izimwe ili mtoto mchanga alale. Mwingine alikuwa akitembea hadi Kayole kila jioni ili nauli ya kurudia iongezwe kwenye pesa za unga; alifika kwao usiku umeingia, miguu imechoka. Wa Majengo alikuwa akimsaidia mamake kuuza chapati hadi saa tatu. Wa Huruma alisomea kwenye ngazi za ghorofa, chini ya balbu ya mwenye nyumba, mpaka mlinzi alipoizima saa nne kamili; ndipo alipoandika sentensi ambayo sijaisahau, kwamba hesabu zake zote alizifanya haraka haraka si kwa sababu anazijua bali kwa sababu anaiogopa saa nne. Walikuwapo pia waliofurahia jioni zao, hasa wale wa Jericho waliokwenda kutazama soka katika uwanja wa Camp Toyoyo, nami niliwapa alama zao kwa moyo mkunjufu. Walio wengi, hata hivyo, walikuwa wakisema neno moja kwa njia nyingi: hawana mahali pa kusomea.

Na hili halikuanza na wazazi wao. Mitaa mingi ya zamani ya upande huu wa jiji ilijengwa enzi ya ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa kiume, wa reli na wa halmashauri ya jiji, ambao serikali ya wakati huo iliwataka waje peke yao na kuwaacha wake na watoto mashambani. Chumba kilikusudiwa kitanda, si familia, na seuze dawati. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mtaa wa Kaloleni ulijengwa kwa fikra tofauti, ukapewa nyumba za familia na ukumbi wa jamii. Lakini mtaa mmoja hauwezi kubeba jiji. Mradi wa Dandora, ulioanza katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliwapa watu viwanja vyenye maji na msingi wa kujengea, na wenye viwanja wakajenga vyumba vya kupangisha, kwa kuwa kodi ndiyo iliyowalisha. Mvulana anayesomea kwenye ngazi leo anaishi ndani ya maamuzi hayo yote. Anayeipangia shule yake miaka 15 ijayo bila kuuliza anapolala mwanafunzi, anaipangia shule nyingine.

Basi tulifanya nini baada ya insha zile? Tulifanya jambo dogo. Mimi na mwalimu mwenzangu wa hisabati tulimwendea mwalimu mkuu wa wakati ule, tukamsomea insha tatu. Alinyamaza kidogo, kisha akatupa ufunguo wa darasa la mwisho, lile lililo karibu na lango. Tukalifungua kila siku kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja na nusu jioni. Gharama yake ilikuwa balbu mbili, chai ya rangi, na fidia kidogo kwa bawabu aliyelazimika kuchelewa kufunga. Hapakuwa na masomo ya ziada wala malipo kwa walimu. Tulikaa tu kwa zamu, tukisahihisha kazi zetu huku vijana wakifanya zao. Mwanzoni walikuja wachache, kisha ikabidi tubebe madawati kutoka darasa la pili. Matokeo ya mtihani wa mwaka uliofuata yalipanda kidogo. Sitaki kudai kwamba yalipandishwa na balbu mbili, maana mwaka huo pia tulipata mwalimu mzuri wa kemia. Ninachoweza kukiapia ni kwamba kijana wa Huruma aliacha kuandika kwa haraka.

Chumba kile kilidumu mihula minne. Mwalimu mkuu akahamishwa. Aliyemfuata aliuliza, kwa haki kabisa, ni nani aliyeidhinisha malipo ya bawabu, na hatukuwa na karatasi ya kumwonyesha. Tukiwa bado katika mjadala huo, mvulana mmoja alivamiwa njiani akirudi nyumbani upande wa Mbotela, akavuliwa viatu na kunyang'anywa mkoba. Hakuumizwa, lakini wazazi waliingiwa na hofu, na hofu ya mzazi haina jibu. Chumba kikafungwa. Nilipoupitia tena ule mpango wa 2006 kule stoo, nilitafuta kama tuliwahi kukiongeza hata kwa kalamu ya risasi pembeni mwa ukurasa. Hatukukiongeza. Na ule wa 2014, nilioundika mimi mwenyewe, haukukitaja. Lililokuwa jema kuliko yote tuliyoyafanya halikuwa katika mpango wowote, na mipango yote ilikuwa na mambo ambayo hatukuyafanya.

Kila ninapolisema jambo hili mbele ya walimu, mmoja husimama na kutaja Starehe. Ni hoja nzuri, kwa sababu Starehe haiko mbali nasi; iko palepale baada ya Kariokor, na kutoka Pumwani unaweza kwenda kwa miguu. Ilianzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, ikiwa na mabanda mawili ya mabati, kwa ajili ya wavulana walioachwa barabarani na misukosuko ya Hali ya Hatari. Leo ni miongoni mwa shule mashuhuri zaidi katika Afrika Mashariki. Wenzangu husema: Starehe ina wafadhili. Ni kweli. Griffin alikuwa hodari wa kuwaomba hata kile kitabu cha maisha yake, alichomsimulia Yusuf King'ala na kilichotolewa 2005, kinamwita bingwa wa ombaomba wa Kenya. (Walimu wa fasihi watamkumbuka King'ala kwa riwaya yake ya 'Anasa'.)

Hata hivyo, fedha si sehemu ya Starehe inayonishughulisha. Kinachonishughulisha ni mambo mawili. La kwanza ni baraza, yaani desturi ya wavulana kukutana na mkurugenzi na kumuuliza au kumlalamikia hadharani juu ya chakula, sheria na mengineyo, naye akawajibu papo hapo. Baraza halihitaji mfadhili wa Ulaya. Linahitaji mwalimu mwenye ngozi ngumu na masikio mawili. Kama tungekuwa na baraza, sisi tusingeisubiri insha ya vielezi ili tujue kwamba watoto hawana mahali pa kusomea. La pili ni muda. Griffin aliiongoza Starehe tangu 1959 hadi alipofariki Juni 2005, takriban miaka 46. Hili ndilo tusiloweza kuliiga, wala hatupaswi kulitamani. Hakuna shule ya umma katika mitaa yetu itakayopewa mwalimu mkuu kwa miaka 46. Kumbukumbu aliyoibeba mtu mmoja kule, sisi hatuna budi kuwabebesha watu wengi.

Kwamba watu wengi wanaweza kuibeba, hata wakiwa vijana na wakiwa maskini, si ndoto. Chama cha Michezo cha Vijana wa Mathare (MYSA) kilianzishwa mwaka 1987, na kanuni yake mojawapo inajulikana na kila mtoto wa upande ule: timu hupata alama katika ligi si kwa mabao tu bali pia kwa kusafisha mtaa. Vijana wenyewe hukaa katika kamati na kuendesha mambo. Wachezaji wa mwaka wa kwanza sasa ni watu wazima wenye mvi, na kanuni ingalipo, kwa sababu haikufungiwa drooni. Ilikuwa vichwani mwa watoto.

Hapa sina budi kugusia lugha, ingawa najua baadhi ya wenzangu watanuna. Mipango yote mitatu iliandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kilikuwa kile cha warsha, ambacho hata mwandishi wake hakielewi baada ya wiki mbili. Mimi mwalimu wa Kiswahili nilikiandika! Bawabu hakuweza kuusoma mpango ambao ungemlipa. Mamake yule kijana wa Majengo, ambaye angeweza kutueleza ni njia ipi salama jioni na ipi si salama, hakuulizwa, na kama angeulizwa angepewa jedwali. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sioni ni sheria gani inayoizuia bodi ya shule kuandika mpango wake kwa lugha ambayo wazazi huitumia kubishania bei ya nyanya.

Ningependa kuona nini basi? Daftari. Namaanisha daftari la kawaida lenye jalada gumu, ambalo ndani yake mna mambo machache ambayo shule imeyaahidi, nani aliyeyaahidi, yamegharimu nini, na yaliposhindikana yameshindikana kwa nini. Nakala moja ikae shuleni, nyingine kwa wazazi, nyingine kwa wanafunzi wa zamani, ambao katika shule zetu tunawakumbuka siku ya harambee pekee. Lisomwe kwa sauti mara moja kwa mwaka mbele ya wavulana wote, na mwalimu mkuu mpya alisome kabla hajapaka rangi ukuta wowote. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekwisha kutupa bodi ya usimamizi na chama cha wazazi, watu wapo. Kilichokosekana ni kumbukumbu ya kuwakabidhi.

Na daftari hilo lisijifungie ndani ya ua wa shule. Tumeahidi maktaba kwa miongo mitatu, na muda huo wote Kaloleni na Makadara zilikuwa na maktaba za umma, matawi ya ile ya McMillan iliyofunguliwa katikati ya jiji mwaka 1931. Ni kweli kwamba zilikuwa zimechakaa. Lakini shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, liliingia mkataba na Kaunti ya Nairobi mnamo 2018 na kuanza kuzifufua. Wanawake wawili wapenda vitabu waliona majengo ambayo sisi walimu tulikuwa tukiyapita kila asubuhi tukielekea kuandika kwenye mpango kwamba eneo letu halina maktaba. Mapatano kati ya shule na maktaba ya jirani juu ya saa za jioni na juu ya vijana kurudi nyumbani kwa makundi yangegharimu barua moja na vikao viwili.

Nayasema haya sasa kwa sababu shule zetu zimo tena katika msimu wa kuandika mipango. Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na mtihani wa mwisho wa KCSE umepangwa kufanywa 2027. Mvulana wa sekondari pevu atakaa nasi miaka mitatu badala ya minne, akiwa amechagua mkondo wa sayansi, wa sayansi za jamii, au wa sanaa na michezo. Kila mkondo unadai vyumba, vifaa na walimu, na fedha za serikali, ambazo mwaka 2018 ziliwekwa kuwa Sh22,244 kwa mwanafunzi wa kutwa kwa mwaka, kila mwalimu mkuu anajua zinavyochelewa na zinavyopunguka njiani. Kishawishi cha kutengeneza jalada la nne la rangi ni kikubwa.

Mwezi uliopita bodi ya ile shule iliniandikia barua, ikinialika niwe mmoja wa kamati ya kutayarisha mpango wa hadi mwaka 2040. Nilikaribia kukataa. Nimezeeka, na kamati mbili za aina hiyo zinatosha kwa maisha ya mtu mmoja. Kilichonibadilisha ni simu ya mwanafunzi wangu wa zamani, yule wa ngazi za Huruma, ambaye sasa ni fundi wa umeme na ana kijana wake katika Gredi ya 10 palepale. Aliniuliza kama darasa la mwisho bado hufunguliwa jioni. Nikamwambia hapana. Akaniuliza kwa nini, nami nikajikuta nikimweleza mambo ya bawabu na viatu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikia jinsi sababu hizo zilivyo ndogo zikilinganishwa na miaka iliyopita tangu hapo.

Mkutano wa kwanza ni Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi. Nitaibeba mipango yote mitatu katika mfuko, pamoja na insha ambazo sikuwahi kuwarudishia wenyewe. Nimemwomba katibu aitume ajenda kwa Kiswahili, naye amekubali baada ya kucheka kidogo. Nimemwomba pia kwamba kabla ya kuzungumzia dira, kabla ya maabara na kabla ya mikondo, kikao kiamue malipo ya bawabu yatatoka wapi, na kwamba uamuzi huo uandikwe.